Tutafute Makaburi ya Mababu Pamoja na Jirani

(Mazungumzo ya redio juu ya amani, yaliyotayarishwa kwa Siku ya Wazazi)

  

Munajua kwamba katika nchi yetu ya Kongo tarehe 1 ya mwezi wa nane ni Siku ya Wazazi. Asubuhi tunachukua jembe na panga, tunaenda makaburini, tunakata nyasi na kusafisha makaburi ya wazazi wetu waliokufa. Mchana tunarudi nyumbani, tunakula pamoja na wazazi walio hai. Ni desturi nzuri. Lakini leo nataka kukuuliza swali, na wewe ulijibu katika roho yako. Makaburi unayosafisha ni ya nani? Ya baba yako, ndiyo. Ya mama yako. Labda ya nkambo aliyekulea. Na yule aliyemzaa nkambo, kaburi lake liko wapi? Aliitwa nani? Alitoka upande gani?

Wengi wetu tukifika hapo tunanyamaza. Na kwa sababu hatujui, tunajaza nafasi ile kwa maneno ya kiburi. Tunasema: "Sisi ni wa hapa tangu zamani. Wale wengine ni wakuya-kuya, watu wa kuja tu." Ndugu zangu, maneno hayo yamemwaga damu nyingi katika nchi hii. Tarehe 1 ya mwezi wa nane 2007, siku hiyo hiyo ya kusafisha makaburi, watu wa Moba waliinuka kwa sababu ya uvumi kwamba Wanyamulenge waliokimbia vita watarudishwa kwao. Ofisi za Umoja wa Mataifa zilishambuliwa, watu wakajeruhiwa. Na tangu mwaka 2013 tumeona Watwa na Waluba wa Tanganyika wakichomeana vijiji. Kila mara kulikuwa na sababu nyingi. Lakini kila mara tulisikia pia neno lile lile: nani ni mwenye udongo, na nani ni mgeni.

Basi leo tuzungumze juu ya makaburi ya zamani, hasa yale yaliyo karibu na makanisa ya misioni. Tuone namna ya kuyatafuta ili tuijue historia ya jamaa zetu. Na tuone namna ya kuyatafuta bila kuleta vita.

NANI WALIZIKWA PALE?

Tuanze na historia kidogo, maana ukiingia makaburini bila kuijua, utasoma msalaba bila kuuelewa.

Mwaka 1883 askari mmoja Mbelgiji, Émile Storms, aliyetumwa na chama cha Mfalme Léopold II, alijenga boma pale Mpala, kusini mwa Kalemie. Mwaka 1885 boma lile likawekwa mikononi mwa Mapadri Weupe. Miaka michache nyuma, mwaka 1893, wakaanzisha misioni kubwa ya Baudouinville, pale tunapopaita leo Kirungu, upande wa Moba.

Siku zile misafara ya watumwa ilikuwa bado inatoka Manyema, inavuka ziwa mpaka Ujiji, halafu inaendelea Tabora mpaka pwani ya bahari. Vijiji vilichomwa, watoto wakanyang'anywa mama zao. Mapadri walikuwa wakiwakomboa wengine kwa vitambaa, hasa watoto. Waliwalea misioni, wakawafundisha, wakawaoza wao kwa wao, wakawapa mashamba kuzunguka kanisa. Hivyo ndivyo vijiji vingi vya wakristo vilianza. Watu wa makabila mbalimbali, waliotoka mbali na ndugu zao, wakawa kijiji kimoja. Wenyeji wa karibu nao wakaja kukaa pale, wakitafuta usalama. Wakaoana. Wakazaa. Wakafa, wakazikwa safu moja.

Ng'ambo ya ziwa, pale Karema katika Tanzania, kuna mfano unaojulikana na wengi. Ni daktari Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi inayoitwa leo Mali. Aliibwa akiwa mtoto, akauzwa, akakombolewa na Mapadri Weupe kule Algeria, akasomeshwa udaktari katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akaoa pale, akawatibu watu wa pale mpaka alipokufa mwaka 1956. Sasa niambie wewe: mtu aliyeponya watu wa mahali pamoja zaidi ya miaka 60, ni mgeni mpaka lini?

Halafu ukaja ugonjwa wa usingizi. Katika miaka ya mwanzo ya 1900 uliua watu wengi sana pwani ya Tanganyika, na serikali ya wakoloni ikahamisha vijiji. Watu waliacha makaburi yao nyuma. Ndiyo sababu leo unaweza kukuta misalaba mahali ambapo hakuna nyumba hata moja, na watoto wa wale waliozikwa wanakaa mbali, hawajui.

HADITHI YA JAMAA YANGU

Sasa niwasimulie jambo la kwetu wenyewe. Sitataja kijiji, wala misioni, wala majina, kwa sababu watoto wa watu hao wako hai na wanasikiliza redio.

Jamaa yangu ilikuwa na shamba la mihogo kando ya kijito. Jirani yetu naye alikuwa na lake, na mpaka katikati ulikuwa haujulikani vizuri. Kwa miaka mitatu tuligombana. Baba mdogo wangu, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wa jamaa, alizoea kuwaambia: "Ninyi ni wakuya-kuya. Babu yetu ndiye aliwapokea. Makaburi yetu yako misioni. Yenu yako wapi?" Nao walijibu: "Na yetu yako pale pale." Mwisho vijana walitokeana na mapanga. Kijana mmoja wa kwao alikatwa mkono. Aliyemkata alikuwa mtoto wa baba mdogo, ndugu yangu.

Chefu akatuita. Akasikiliza siku nzima. Jioni akasema: "Wote munataja makaburi. Basi nendeni makaburini. Mutakachokuta, mukiletee mbele yangu." Akachagua watu wawili kwa kila jamaa, na mkatekista atuongoze. Mimi nilichaguliwa kwa sababu nilisoma kwa mapadri na nilikuwa najua Kifaransa na Kilatini kidogo.

Tulikwenda wakati wa kiangazi. Ilituchukua asubuhi mbili kukata nyasi. Mbele tulikuta misalaba ya sementi ya mapadri na masista. Nyuma yao mistari ya mawe tu, bila maandishi. Mwisho kabisa, chini ya miembe, vibao vidogo vya sementi. Mtu aliandika majina kwa msumari, sementi ilipokuwa bado mbichi. Kwenye kimoja nikasoma jina la ubatizo la mama wa babu yangu, na mwaka 1931. Nilikuwa nimesikia jina lile tangu utoto. Siku ile mara ya kwanza niliweka mkono juu yake.

Baba mdogo alipiga magoti, akalia. Halafu akainuka, akawaambia wale wengine: "Mumeona? Yenu yako wapi?" Kweli, ya kwao hatukuyaona. Walirudi nyumbani vichwa chini.

Lakini mkatekista alisema: "Kaburi linasema nusu ya habari. Nusu ya pili iko katika buku." Kesho yake nikaenda mimi peke yangu kwa padri, akafungua buku la zamani la ubatizo. Tulitafuta mpaka saa sita. Tukamkuta. Msichana wa karibu miaka kumi. Wazazi: hawajulikani. Kabila: wa Manyema. Na pembeni neno moja la Kilatini, "redempta". Padri akaniangalia, akasema: "Maana yake, aliyekombolewa. Alikuwa mtumwa." Chini yake kulikuwa jina la mama yake wa ubatizo. Nikaandika yote katika kaye yangu.

Usiku nikamsomea baba mdogo. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema pole pole: "Mtoto wangu, ni wewe peke yako umesoma. Wale hawajui Kilatini. Sema tu kwamba buku liliungua katika vita vya 1964."

Wasikilizaji, sitawadanganya. Usiku ule sikulala. Uwongo ule ulikuwa mwepesi, maana mabuku mengi yaliungua kweli mwaka ule. Kaburi tulikuwa nalo. Shamba tungelipata. Nilichofikiri sana ni yule kijana wa mkono uliokatwa. Nikajiuliza: tukishinda kwa uwongo, na baadaye ukajulikana, mkono wa nani utakatwa tena?

Mbele ya chefu nikasoma yote. Manyema. Aliyekombolewa. Wazazi hawajulikani. Watu wakanung'unika. Nilipotaja jina la mama wa ubatizo, mzee wa jamaa ya jirani akasimama akitetemeka, akasema: "Huyo ni nkambo yetu. Ndiye aliyemzaa mama yangu." Chefu akatutuma tena kwa padri, safari hii mimi na yule mzee pamoja. Nkambo yao naye tukamkuta katika buku. Kabila lingine, kutoka mbali vilevile. Na pembeni, neno lile lile: redempta.

Ndivyo tulivyojua. Watoto wawili walioibwa, kila mmoja kwao, walikutana misioni. Mkubwa alimshika mdogo bega siku ya ubatizo. Na sisi, watoto wa watoto wao, tulikuwa tunakatana mapanga tukiulizana nani ni mgeni.

Chefu hakutucheka. Alisema: "Hata sisi machefu, hadithi za ukoo wetu zinaanza na safari. Hakuna mtu aliyeota hapa kama mti." Akaweka mpaka kwenye mwembe mmoja, akaamuru tumlipe yule kijana kwa ajili ya mkono wake. Hakuna jamaa iliyofurahi sana. Lakini tangu siku ile panga halikuinuliwa tena pale.

Niseme vilevile yaliyonigharimu. Baba mdogo hakula tena nyumbani kwangu mpaka alipokufa. Na shangazi yangu mmoja aliniambia: "Umetuvua nguo mbele ya watu. Sasa watatuita watoto wa watumwa." Shangazi alikuwa na haki katika jambo moja. Nilipaswa kuwaambia jamaa yote nyumbani kwanza, wakae na habari ile, waizoee, ndipo niiseme mbele ya watu. Hapo nilikosa, nikamwomba radhi. Lakini kwa lile la haya nilimjibu: haya ni ya aliyemwiba mtoto na kumuuza. Mtoto aliyeuzwa hana haya yoyote, wala wale aliowazaa.

Baba mdogo tulimzika katika makaburi yale yale ya misioni. Waliochimba kaburi lake walikuwa watoto wa jirani.

NAMNA YA KUTAFUTA

Sasa, wewe unayetaka kutafuta, shika maneno haya.

Jambo la kwanza: anza na wazee walio hai. Kabla ya kushika panga, kaa na shangazi, na mjomba, na mzee wa kijiji. Uliza majina yote, hata ya utani. Uliza mtu alikufa karibu na tukio gani: wakati wa njaa gani, vita gani, padri gani. Andika. Mzee akifa bila kuulizwa, hakuna buku litakalojaza nafasi yake. Na kwa ndugu zetu Waislamu, ambao makaburi yao mara nyingi hayana maandishi, kumbukumbu ya wazee ndiyo buku lenyewe.

Jambo la pili: omba ruhusa. Nenda kwa padri au mchungaji, nenda kwa chefu na mkubwa wa kijiji. Eleza unatafuta nini na kwa sababu gani. Katika nchi iliyoona vita kama yetu, mtu anayezungukazunguka makaburini bila kusema neno anaweza kudhaniwa ni mchawi, au mwizi, au mtu anayetafuta udongo wa kuchukua.

Jambo la tatu: usiende peke yako, na usiende na watu wa jamaa yako tu. Mwite jirani. Yeye naye ana wafu wake pale. Kaburi mulilolisafisha pamoja ni vigumu kuligombania.

Jambo la nne: chunga mwili wako. Nenda wakati wa kiangazi, nyasi zimekauka na nyoka wanaonekana. Kata kwa panga, usichome moto, maana moto unapasua mawe na kuteketeza misalaba ya miti. Mahali palipopiganwa vita, ukiona chuma usichokijua katika nyasi, usikiguse, usikipige teke. Weka alama mbali kidogo, urudi kwa njia ile ile uliyokuja nayo, ukawaambie wakubwa.

Jambo la tano: chunga kaburi lenyewe. Usichimbe. Usihamishe jiwe wala msalaba, hata kama umeanguka. Maandishi yakiwa yamefunikwa na udongo, tumia maji na brashi laini au kitambaa. Usikwaruze kwa kisu. Herufi zikiwa zimefutika, rudi asubuhi sana au jioni, jua likiwa limelala, maana kivuli kitazionyesha. Unaweza pia kutumia kioo kupeleka mwanga kutoka pembeni. Kama una simu, piga picha. Kama huna, nakili kila herufi katika kaye, hata usiyoielewa, na uchore ramani ndogo: safu ya ngapi, kaburi la ngapi, karibu na mti gani. Makaburi yasiyo na jina nayo uyahesabu. Yana watu ndani.

Jambo la sita: jifunze maneno machache. Kwenye misalaba utaona R.I.P., ni Kilatini, maana yake "apumzike kwa amani". Katika mabuku ya zamani, "natus" au "nata" ni "alizaliwa". "Obiit" ni "alikufa". "Sepultus" ni "alizikwa". "Filius" ni mtoto wa kiume, "filia" wa kike. "Ignoti" ni "hawajulikani". Kwa Kifaransa, "ici repose" ni "hapa anapumzika", na "décédé" ni "aliyekufa".

Jambo la saba: fuata buku. Sheria ya Kanisa Katoliki inaomba kila parokia iandike waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Mapadri Weupe tena walikuwa na amri ya kuandika kila siku habari za misioni yao, na hifadhi yao kubwa ya maandishi iko Roma. Ninyi mulio na watoto Ulaya, au jamaa waliotoka kambi za Tanzania na Zambia wakapelekwa ng'ambo, waambieni. Labda wao watafika pale ambapo sisi hatufiki.

Jambo la nane: kumbuka kwamba majina yamegeuka. Albertville ni Kalemie. Baudouinville ni Moba, na misioni yenyewe ni Kirungu. Tena mwaka 1972, wakati wa Mobutu, watu waliamriwa kuacha majina ya kikristo. Mtu mmoja anaweza kuwa na jina moja katika buku la ubatizo na jina lingine katika karatasi za serikali. Usiseme haraka "siye huyu".

WALE WASIO NA KABURI

Kuna wengine watatafuta na hawatapata kitu. Wewe ambaye wazazi wako walikufa msituni mkikimbia vita vya 1996 au vya 1998, ukamfunika baba yako kwa majani ukaendelea kukimbia, ninakufikiria ninaposema maneno haya. Hauko peke yako.

Mwaka 1884, kule Mpala ninakopataja, watu wa Storms walimwua chefu Lusinga, wakamkata kichwa. Fuvu lake likachukuliwa mpaka Ubelgiji, likawekwa Bruxelles katika majumba ya elimu, likapimwa kama kitu. Watu wake hawakupata kaburi kamili la kulilia. Na Patrice Lumumba, waziri wetu mkuu wa kwanza, aliyeuawa tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, mwili wake uliharibiwa ili asiwe na kaburi kabisa. Lilibaki jino moja tu, lililochukuliwa na polisi Mbelgiji. Watoto wake walingoja miaka 61. Mwaka 2022 jino lile likarudishwa, na tarehe 30 ya mwezi wa sita likazikwa Kinshasa kwa heshima ya taifa.

Jino moja, na nchi nzima ilisimama. Hapo munaona kwamba kaburi si kazi ndogo. Mtu anayenyimwa kaburi ananyimwa pia nafasi katika hadithi ya watu wake. Kwa hiyo wewe usiye na kaburi, andika jina. Andika mwaka, andika mahali mulipoachana. Lisome mbele ya watoto Siku ya Wazazi. Panda mti, kama una mahali pa kupanda. Na Siku ya Wazazi, ninyi wenye makaburi, waiteni wale wasio nayo, wasafishe pamoja nanyi.

KABURI SI KARATASI YA SHAMBA

Neno la mwisho ni kwa wale ambao, wanaponisikia, wanafikiri tayari juu ya mpaka wa shamba.

Ndugu yangu, kaburi la babu yako ni kitu kitakatifu. Lakini si karatasi ya kumfukuza mtu. Sheria ya udongo ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inasema wazi kwamba udongo wa nchi hii ni mali ya serikali. Sisi tunapewa haki ya kuutumia tu, kwa njia zinazojulikana. Mizozo ya mashamba ipeleke kwa chefu, kwa wapatanishi, kwa tribinali. Usiwaamshe wafu waje kukupigania. Waliishapigana vya kutosha siku zao.

Tena, ukitafuta, kubali kupokea chote utakachokuta. Padri Stefano Kaoze, aliyewekwa padri pale Baudouinville mwaka 1917, wa kwanza katika Kongo ya wakoloni, alitumia wino wake kuandika desturi na historia ya watu wake, ili visipotee. Nasi tufanye hivyo kwa jamaa zetu, kila mmoja kwa kaye yake, tukiandika pamoja na yale yasiyotupendeza. Utakuta labda nkambo yako alikuja mikono mitupu, akapokelewa na nkambo wa yule unayemchukia leo. Au utakuta nkambo yako ndiye alimpokea mwenzake. Kama alipokea, je, wewe mjukuu umepata wapi ruhusa ya kufukuza?

Siku ya Wazazi inakaribia. Noa panga lako kwa ajili ya nyasi. Upite kwanza kwa jirani, umwambie: "Twende." Kwaherini, na amani ibaki nyumbani kwenu.

Maswali ya kuzungumza pamoja, nyumbani au katika kikundi cha wasikilizaji:

1. Katika jamaa yetu, tunajua majina ya mababu mpaka kizazi cha ngapi? Ni mzee gani tunapaswa kumuuliza mwaka huu?

2. Kama buku lingetuonyesha kwamba sisi pia tulikuja kutoka mbali, tungelisema au tungelificha? Kwa sababu gani?

3. Katika kijiji chetu, ni nani asiye na kaburi la kusafisha? Tutafanya nini ili asikae peke yake siku ile?